Kinga ya Viraka Viwili

Watu mia tatu wa baiskeli wakikutanishwa chini ya paa moja, kitu cha kwanza wanachofanya ni kugombana. Ndivyo ilivyokuwa Ijumaa ile ya Machi 2006, kwenye ukumbi ulio kando ya mfereji, Birmingham, ulikofanyika mkutano wa kitaifa wa watetezi wa baiskeli. Wanaokwenda kazini kwa baiskeli waligombana na maofisa wa manispaa juu ya mistari ya rangi barabarani. Wanaovaa kofia ngumu waligombana na wasiozitaka. Na wote kwa pamoja waligombania kahawa, kwa sababu birika lilikuwa moja.

Nyuma ya meza ya mapokezi alikaa Navdeep. Alivaa suti ya kijivu ya ukumbi, skafu ya rangi ya bizari, na nywele zake amezisuka suka moja nene lililoshuka mpaka kiunoni. Uso ulikuwa mzuri, ila chini ya macho palikuwa na weusi ambao poda ilikuwa imeshindwa kuufunika. Alikuwa na miaka thelathini na minane. Mama yake, Bi Gurnam, alikuwa amepooza upande mmoja, na kila usiku ilibidi ageuzwe mara mbili kitandani. Kwa hiyo Navdeep alikuwa hajalala usingizi kamili kwa miaka minne. Baiskeli hakuzijua wala hakuwa na haja ya kuzijua. Aliajiriwa siku tatu kugawa beji na kusema welcome, na kufikia saa nne asubuhi alikuwa ameshasema welcome mara mia mbili.

Mtu wa mia mbili na moja alikuwa na matope mpaka kwenye nyusi.

"Name, please?"

"Magloire."

Navdeep alipitisha kidole kwenye orodha, akashuka, akapanda, akasimama. Aliitoa beji na kuisukuma mezani. Iliandikwa: Mr. Mac Gloire.

Yule bwana aliitazama beji muda mrefu, kama mtu anayetazama picha ya ndugu asiyemfahamu. "Sasa nimekuwa Muingereza," alijisemea kwa Kiswahili, kwa sauti ya uchovu. "Hata jina wamelikata vipande."

"Shukuru Mungu," Navdeep alijibu bila kuinua kichwa. "Mimi wameniita Nandeep tangu asubuhi, na jina liko hapa kwa kifua."

Magloire alishtuka, akainama kumwangalia vizuri. "Weye! Unasikia Kiswahili?"

"Nasikia na naongea. Nimezaliwa Nakuru. Kwani ulidhani Kiswahili ni cha baba yako?"

"Hapana, mama. Pardon."

"Na mimi si mama yako. Haya, ribbon ya colour gani? Blue ni wa kwenda kazini, red ni wa mashindano, green ni council."

"Miye napandaka milima. Mu pori, mu matope."

"Hiyo ya matope nimeona." Navdeep alipekua sanduku. "Ya milima hakuna. Kuna ya Other." Akainua utepe wa kijivu, naye akaona aibu kidogo kuushika.

"Miaka saba niko Other mu hii inchi," Magloire alisema. "Leta tu, nimeizoea."

Navdeep akacheka. Kicheko kilimtoka kabla hajakipa ruhusa, na foleni nzima nyuma ya Magloire ikakohoa kwa pamoja.

Huyu Magloire alikuwa mtu wa Bukavu, wa miaka arobaini na mmoja, mwembamba, mwenye mvi mbili tatu kwenye ndevu. Alifika Uingereza kama mkimbizi, akaishi Ladywood kwa dada yake Déborah, ghorofa ya kumi na moja, na usiku alifanya kazi kwenye ghala la nyama zilizogandishwa. Alitoka humo kila asubuhi vidole vimekufa ganzi. Kitu pekee kilichomrudishia uhai kilikuwa baiskeli yake ya mlimani na vilima vya Lickey. Kundi lao la wapanda milima lilikuwa la watu sita, na walimtuma yeye mkutanoni kwa sababu ndiye peke yake aliyekuwa na nafasi mchana. Walisahau kwamba mtu wa kazi ya usiku, mchana ndio usiku wake.

Alisinzia katika hotuba mbili za asubuhi. Ya tatu hakusinzia, maana alikuwa anafikiria suka lile.

Mchana alimkuta Navdeep nje, amekaa kwenye benchi kando ya mfereji, amevua viatu, anakunywa chai.

"Naweza kukaa, ama benchi pia iko na ribbon?"

"Kaa, Bwana Mac. Lakini kaa mbali, usinichafue."

Alikaa mbali. Baada ya dakika kumi walikuwa wamekaribiana na hakuna aliyejua nani amesogea. Walizungumza Kiswahili, kila mmoja chake: yeye cha Nakuru, cha dukani kwa baba yake, chenye Kiingereza cha kupachika, mwenzake cha Bukavu, chenye Kifaransa cha kudondosha. Walichekana matamshi. Mara mbili ilibidi mmoja arudie neno, mara zote wakaelewana, na hilo ndilo lililowaponza, maana walidhani wameshaelewana kwa yote.

"Nikuambie kitu?" Magloire alisema. "Kuna mutu ametoka Scotland. Ameona picha za njia zenye nimechonga mu pori na wenzangu. Anataka niende kule, nichonge njia za baiskeli mu forêt, mu pori kubwa ya kule. Kazi ya mchana! Na wananipa na nyumba ya kukaa."

"Si uende!"

"Anataka jibu mbele ya mkutano kuisha, Jumapili. Jana ningesema ndiyo bila kupumua. Lakini leo asubuhi nimekutana na mutu fulani wa beji."

Navdeep alitazama ndani ya kikombe chake. Alihisi joto shingoni, joto ambalo alishalizika zamani na kulisahau. "Wacha maneno," alisema.

"Kesho asubuhi nikupeleke ku Lickey. Kabla watu hawajaanza kugombana tena. Tukipanda kile kilima pamoja, nitajua nitamujibu nini."

"Mac, nimechoka. Hujui vile nimechoka. Saturday ndiyo siku dada yangu anakuja asubuhi kukaa na mama, mimi nalala hata saa moja ya ziada."

"Na miye nimechoka. Tuchoke pamoja."

Navdeep alimpa namba ya simu. Moyoni alijiona akipanda kilima kwa miguu, taratibu, na chai kwenye chupa. Wazo la kwamba kilima hupandwa kwa baiskeli halikumpitia kabisa. Kwao Nakuru aliona baiskeli zikibeba maziwa, mkaa na shehena za kabichi, hakuona hata moja ikipelekwa mlimani kutembezwa.

Jioni ile, kwenye basi la 63 kurudi Northfield, simu yake ilionyesha ujumbe wa sauti. Navdeep aliibandika sikioni na kuziba sikio la pili, tabasamu liko tayari.

"Allô, Navdeep, ni miye Magloire. Kesho ni saa moja asubuhi, pale ku parking ya Lickey. Sisi wawili tu mu pori, bila hawa batu ya conference. Kama hauna kinga, usisumbuke, miye niko na mbili. Ile moja ni ya zamani. Ilipasuka mwaka jana, lakini nimeiziba na viraka mbili. Leo nimeitia upepo, nikangojea, haitoke hata kidogo. Itakutosha muzuri. Sababu weye unajua, mu ile pori bila kinga hatufike popote. Bon. Lala muzuri, chérie."

Sasa hapa msimulizi analazimika kuingilia kati, kwa sababu kuna watu wawili wema wanaotaka kuharibikiwa bila kosa. Bukavu, baiskeli inaitwa kinga. Mtoto hupanda kinga, posta huja na kinga, mchungaji hupata ajali ya kinga. Magloire alikuwa amesema bike kwa Waingereza kwa miaka saba, na vélo kwa wanaosema Kifaransa, na kule benchini pia alisema baiskeli ili Navdeep asipate taabu. Jioni ile, kabla ya kuingia kazini, alizungumza na simu kama mtu anayezungumza na mtu wa nyumbani, na neno la nyumbani likamtoka lenyewe. Hakuligundua hata yeye.

Lakini Navdeep alikulia Nakuru ya miaka ya ukimwi. Alilisoma neno hilo kwenye kuta za kliniki na kwenye mabango ya stendi: tumia kinga. Lilikuwa na maana moja tu, tena ya kifurushi kidogo kinachouzwa dukani chini ya kaunta.

Alijaribu kumtetea. Labda anasema kofia ngumu, alifikiri. Si wameigombania mchana kutwa. Akausikiliza ujumbe mara ya pili. Alipofika kwenye viraka alifumba macho. Alipofika kwenye upepo alizima simu kabisa, na mama mmoja aliyekaa pembeni yake akamuuliza kama yuko sawa.

"I'm just tired," alisema. Na hilo lilikuwa kweli.

Hakukasirika kwanza. Aliumia kwanza. Mwanamume amekaa naye benchini saa nzima, amemchekesha, amemwambia tuchoke pamoja, kumbe hesabu yake ilikuwa porini saa moja asubuhi, tena na kitu kilichopasuka! Hasira ilikuja baadaye, alipokuwa anamgeuza mama yake, na ilikuwa hasira ya kumkosesha hata ule usingizi mdogo aliobakiwa nao.

Kesho yake, Magloire alitoka ghalani alfajiri, akapanda mpaka ghorofa ya kumi na moja na kuteremsha baiskeli mbili. Ile nyekundu, ya viraka, alikuwa ameiosha kwa mswaki na kuifunga kengele mpya. Maili tisa alizipanda mwenyewe, mkono mmoja kwenye usukani wake na mkono wa pili ukiongoza ile nyekundu isiyo na mtu, kwenye manyunyu, hajalala. Saa moja akawa pale. Saa mbili akawa pale. Alipiga simu mara sita na mara sita ikamwambia mwenyewe hapatikani. Saa tatu kasoro alizigeuza baiskeli zote mbili.

Aliingia ukumbini amelowana, akaenda moja kwa moja mezani.

"Navdeep. Nimengojea."

"Badge yako unayo. Next, please."

"Masaa mbili nimengojea. Ulipata message yangu?"

"Niliipata. Nimesikiliza yote mpaka mwisho. Tena mara mbili, nikidhani masikio yangu ndiyo mabaya."

"Basi?"

"Basi nini?" Navdeep aliinama mbele, sauti chini, meno yamebana. "Mimi ni msichana mdogo? Mtu anakunywa chai na wewe mara moja, unamwachia vitu kama hivyo kwa simu? Ningekuwa na kaka angekutafuta huko Ladywood mlango kwa mlango!"

Magloire alisimama. Maji yalidondoka kwenye mikono ya koti lake. Alifikiri, akarudia kila neno alilosema kwenye simu, na mahali pamoja tu paliposimama kama mwiba palikuwa pale pa kuziba. Mwanamke wa suti, wa nyumba nzuri Northfield, naye amemletea kitu cha kuzibwa.

"Ni juu ya viraka?" aliuliza polepole.

Navdeep aligeuza orodha kifudifudi.

"Kama ni juu ya viraka, sema tu. Sina aibu. Nitakununulia mupya. Hata leo. Weye mwenyewe utachagua rangi."

Navdeep aliinuka. Alikusanya beji zilizobaki, akaziangusha, akaziacha sakafuni, akaenda nyuma ya pazia la jikoni na kujifungia kwenye chumba cha vikombe. Alilia humo dakika tano na akatoka na uso mkavu.

Magloire naye alikwenda kumtafuta yule bwana wa Scotland. Alimkuta amesimama penye picha za daraja la waendesha baiskeli, na kabla hajasalimiwa akasema yes. Walishikana mikono. Yule bwana alifurahi sana, akamletea karatasi, akamwonyesha mahali pa kutia sahihi, akasema ataanza kazi baada ya wiki moja. Magloire alitia sahihi kwa jina lake zima, herufi kubwa, ili kule angalau wasilikate. Halafu alikaa kwenye kiti cha nyuma kwenye mjadala wa kofia ngumu na akalala usingizi mzito, kinywa wazi.

Jumapili mkutano uliisha saa sita mchana. Watu wa baiskeli walikuwa wamechoka kugombana na sasa walikuwa wanakumbatiana na kubadilishana anwani. Navdeep alikuwa akikunja kitambaa cha meza alipoona kitenge cha kijani na dhahabu kinakuja kwa kasi, kilemba juu, mkoba wa kanisani mkononi. Mwenye kitenge aliisoma beji yake, akasimama.

"Njo weye Navdeep?"

"Ndiyo mimi. Karibu."

"Miye ni Déborah, dada wa Magloire. Nilikuya kumuchukua kaka, ju kanisa imepika chakula ya kumuaga. Lakini kwanza nilitaka kuona kwa macho yangu mwanamuke mwenye alidharau kinga ya kaka yangu."

Navdeep alihisi damu yote ikipanda usoni. "Dada, tafadhali. Watu wanasikia."

"Basikie! Kinga ya kaka yangu iko na kosa gani?"

"Aliwaambia? Aliwaambia mpaka nyumbani?"

"Aniambie nini, miye siko na macho? Aliiosha Ijumaa jioni yote hapo mu salon yangu, kati ya makochi! Na mswaki! Akaipaka mafuta! Nikamuambia Magloire, lala, usiku uko na kazi, akakataa, anasema lazima ing'ae."

Navdeep alishika ukingo wa meza.

"Halafu asubuhi," Déborah aliendelea, mkono kiunoni, "hajalala, hajakula, ametoka nayo Ladywood mpaka Lickey. Ingine anapanda, ingine anaivuta na mkono!"

"Anaivuta..." Navdeep alimeza mate. "Anavuta nini na mkono?"

"Kinga! Ile nyekundu! Hata kengele aliifunga, anasema mwanamuke anapenda kengele!"

"Kengele?"

"Kinga!" Déborah alipaza sauti kama mtu anayezungumza na kiziwi. Aliutupa mkoba mezani, akakunja ngumi mbili mbele yake, akainua goti moja ndani ya kitenge, akashusha, akainua la pili, kilemba kinayumba. "Kinga, kinga! Vélo! Nyinyi ba Kenya munasemaka nini? Baiskeli!"

Ukumbi ulikuwa na kelele, lakini Navdeep aliacha kuzisikia. Viraka vilirudi kichwani kimoja kimoja. Upepo ukarudi. Itakutosha ikarudi. Utachagua rangi ikarudi. Alikaa chini juu ya katoni la vipeperushi, likabonyea chini yake, akaanza kucheka, na kicheko kikakosa pa kuishia kikageuka kilio, akawa anafanya vyote viwili na pua inavuja.

"Huyu ana nini?" Déborah aliuliza hewani.

Navdeep alimvuta kwa kitenge, akamnong'oneza sikioni maana ya neno lile kwenye kuta za Nakuru. Déborah alisikiliza. Macho yakamtoka.

"Yesu!" alisema, akatafuta katoni la kwake. "Na viraka mbili!"

"Na upepo, dada. Alisema ameijaza upepo."

Waliegemeana pale chini, wanawake wawili ambao dakika tano zilizopita walikuwa wanataka kupigana, wakapangusana machozi kwa kona ya kitenge. Kisha Déborah aliacha kucheka. Akasema, kwa sauti ya kawaida, "Lakini ameshatia sahihi, mama. Jana. Anaenda Jumapili ijayo."

Magloire alikuwa uani, amepiga magoti kando ya ile baiskeli nyekundu, anafungua kufuli. Aliona kwanza viatu vya Navdeep, kisha suti, kisha macho mekundu.

"Hii ndiyo?" Navdeep aliuliza.

"Njo hii." Hakuinuka. "Unataka nini, Navdeep? Nimechoka."

"Inaitwa nini hii, Mac?"

"Unaniuliza kama mtoto."

"Niambie. Kwenu inaitwa nini?"

"Kinga."

"Na kwetu," alisema, akachuchumaa ili asizungumze kwa sauti, "kwetu kinga ni kile kitu mwanamume anavaa ili asimpe mwanamke mimba."

Magloire alimtazama. Navdeep aliona ujumbe mzima wa simu ukipita usoni mwake, sentensi baada ya sentensi, mpaka akaziba uso kwa mikono yenye grisi.

"Mungu wangu. Na nilisema nimeiziba?"

"Hiyo ya kuziba ndiyo ilinimaliza."

"Na jana nikakuambia utachagua rangi."

"Mbele ya watu wa council."

Magloire alijaribu kucheka lakini hakuweza; alikuwa amechoka mno. Navdeep alimshika mkono, grisi na yote. Mikono ilikuwa baridi kama imetoka ghalani sasa hivi.

"Nisamehe," alisema. "Ningepiga simu tu. Ningeuliza tu. Lakini niliumia, na mtu aliyechoka akiumia haulizi, anazima simu."

"Na miye nilifikiri unadharau masikini." Alivuta pumzi. "Navdeep, nimesema ndiyo kwa ule mutu. Kesho nitamuandikia. Nitamuambia hapana, nimebaki."

"Usifanye hivyo."

"Juu ya nini?"

"Kwa sababu niliwahi kuolewa." Alisema hivyo huku anatazama kengele. "Mume wangu alikuwa na karatasi za Canada, kila kitu tayari. Akaziacha kwa ajili yangu, kwa sababu singemwacha mama. Kila chai ikipoa alinikumbusha Canada. Gari likikataa kuwaka, Canada. Miaka tisa, Mac, halafu akaenda nayo hiyo Canada, na mwanamke mwingine. Mimi siwezi tena kuwa sababu ya mtu kuacha kitu."

"Miye siko yeye."

"Najua. Na yeye pia hakuwa hivyo mwaka wa kwanza."

Magloire aliweka kufuli chini. Halafu akasema, akiwa bado amepiga magoti, si kwa mapozi bali kwa uchovu: "Basi unioe. Ama tuoane. Sijui munasemaka aje kwenu, naogopa sasa kusema neno lolote."

Machozi yalimjaa Navdeep tena. Alitaka kusema ndiyo, na alitaka kukimbia, na zaidi ya vyote alitaka kulala. Alisema ukweli.

"Niulize nikiwa nimelala. Nikijibu sasa, ni uchovu utakuwa umejibu. Monday dada yangu Charanjit analala kwetu na mama, mimi nalala. Nipigie Tuesday."

"Saa ngapi?"

"Saa tano. Na Mac, usiache message."

Jumanne saa tano kamili asubuhi simu ililia. Navdeep alikuwa kitandani, suka limefumuka, jua la Northfield liko ukutani, jembamba.

"Umelala?"

"Nimelala masaa kumi na mbili. Sikuota hata wewe."

"Muzuri sana. Nikuulize?"

"Ngoja. Uko wapi?"

"Niko inje ya posta. Niko na barua mu mkono. Nimewaandikia ba Scotland kama siendi. Naitumbukiza, halafu nakuuliza, ili ujue nimeamua miye mwenyewe, hapana weye."

Navdeep aliketi. Usingizi wote alioulala ulikuwa ndani yake kama chakula, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alijua sawasawa anachotaka.

"Stamp umebandika?"

"Bado."

"Ichane."

"Navdeep..."

"Ichane nikisikia. Ukiituma, jibu langu ni hapana, hata ukipiga magoti mpaka Lickey. Ukiichana, uliza."

Basi lilipita upande wa Magloire, kisha ikasikika karatasi ikipasuka, polepole, na tena, na tena.

"Imekwisha," alisema. Sauti yake ilikuwa imelowa. "Navdeep wa Nakuru, utakubali tuoane?"

"Ndiyo, mpenzi. Ndiyo."

"Na utakuya kule lini?"

Alitazama mlango wa chumba cha pili, uliokuwa wazi nusu, na hakujibu hilo. Hakukuwa na jibu ambalo mtoto anaweza kulitamka mama yake akiwa hai. Magloire alielewa, akasema kwamba treni ni ndefu lakini zipo kila siku, na yeye Jumamosi hafanyi kazi. Wakaagana mara tatu. Kila mara mmoja alikuwa na neno la mwisho, na lilikuwa lile lile.

Kutoka chumba cha pili Bi Gurnam aliita, kwa ule ulimi wake mzito wa upande mmoja. Navdeep alikwenda, akampitisha mkono mgongoni, akamgeuza aelekee dirishani.

"Nani alikuwa kwa simu?" mama aliuliza.

"Mchumba wangu, mama," Navdeep alisema, akimfunika miguu. "Anahama Jumapili."